Ukiufuata Moshi wa Jikoni

Katika vijiji vya Usukuma kikongwe anaweza kuuawa kwa sababu ya macho yake. Nimekulia Magu, na maneno "mauaji ya vikongwe" niliyasikia redioni na matangani kabla sijajua kusoma gazeti. Watu huja usiku na mapanga. Kukicha, kijiji kinaambiana kwamba bibi yule alikuwa mchawi, kwani hamkuona macho yake yalivyokuwa mekundu?

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na macho hayo. Maisha yake yote alipikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka na miti ya pamba iliyong'olewa baada ya mavuno, ndani ya jiko la udongo lisilo na dirisha, ameinama, anapuliza. Mtoto wa jirani alipofariki kwa homa, maneno yakaanza kilabuni. Mjomba hakusubiri yakomae. Alimpandisha bibi kwenye basi akamleta kwetu Nyakato, hapa Mwanza, na huku ndiko alikokaa hadi uzee ulipomchukua. Shamba lake aliliacha. Msimu uliofuata ndugu wa marehemu babu walikuwa wanalilima, na hakuna aliyeshangaa.

Naandika haya kwa sababu nimehudhuria semina nyingi mjini hapa, za haki za wanawake, za mazingira, za akina mama wa kanisani, za biashara na masoko ya nje, na kila moja inazungumza kana kwamba zile nyingine hazipo. Ya wanawake haigusi kuni. Ya mazingira haimuulizi mwanamke anapika kwa kutumia nini. Ya kanisa inatuombea subira. Ya biashara inatuonyesha bei. Bibi yangu aliyaishi yote manne katika jiko moja. Kwa hiyo naomba tuufuate ule moshi, tuone ulikotoka.

Mavi ya ng'ombe huchomwa pale ambapo kuni hazipo. Usukuma ilikuwa na mapori yake. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliwakusanya watu kufyeka mapori ya Shinyanga ili kumfukuza mbung'o. Ugonjwa wa malale ulipungua, na hilo lilikuwa jema. Kisha ikaja pamba. Wajerumani walikuwa wameianzisha, Waingereza wakaisukuma kwa nguvu zaidi, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, viwanda vyao vilipohitaji nyuzi. Mashamba yakapanuka. Fedha ya pamba ikageuzwa ng'ombe, ng'ombe wakataka malisho, na miti ikazidi kusogea mbali na nyumba.

Mwaka 1955 wakulima wa Kanda ya Ziwa walianzisha shirikisho lao la vyama vya ushirika, wakiongozwa na kijana Paul Bomani, na wakaichukua biashara ya pamba kutoka mikononi mwa madalali. Najivunia historia hiyo kama Msukuma yeyote. Lakini nimekaa mashambani, najua nani hupalilia na nani huchuma. Mama huamka na jembe, mtoto mgongoni, na siku ya kupima pamba kituoni anayetia sahihi ni baba. Ng'ombe watakaonunuliwa ni wa baba. Kuni zilizopotea kwa ajili ya shamba lile, anayezitembelea mwendo wa nusu siku ni mama. Mpaka leo sehemu kubwa ya pamba yetu inaondoka nchini ikiwa robota, na sisi tunanunua mitumba sokoni kwa fedha ileile.

Akichoka kutembea, mama anachukua kilichopo zizini. Mavi ya ng'ombe yana moshi mzito unaowasha. Ongeza trakoma, ongeza mtoto wa jicho wa uzeeni usiotibiwa, na baada ya miaka 40 ya kupuliza moto macho yanakuwa vile yalivyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, inayotokana hasa na kupikia kuni, mkaa, kinyesi cha mifugo na mafuta ya taa, iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Hesabu hiyo ni ya magonjwa ya mapafu, moyo na kiharusi. Vikongwe wetu waliokufa kwa panga hawamo.

Hapa ndipo dini inapoingia, na sitaki kuipitia haraka, kwa sababu mimi ni mtu wa dini.

Anayetamka jina mara nyingi ni mpiga ramli. Familia imefiwa, imechanganyikiwa, inataka jibu, na yeye anawapa: ni mwanamke mzee, anakaa upande wa machweo, macho yake mekundu. Januari 2009 Serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi kutokana na mauaji ya watu wenye ualbino na vikongwe. Ramli haikuisha, ilihamia uani. Lakini tusiwasukumie wapiga ramli kila kitu. Nimekaa kwenye mikesha ya maombi, chini ya turubai, nikamsikia mhubiri akiwaambia vijana kwamba umaskini wao una mtu aliyeushikilia kule kijijini, na mtu huyo ni bibi. Anafungua Kutoka 22:18, anasoma kwa sauti: "Usimwache mwanamke mchawi kuishi." Kijana anatoka pale na Biblia mkononi na mzigo moyoni dhidi ya aliyemlea. Mchungaji anayesoma mstari huo mbele ya vijana wa Kanda ya Ziwa, bila kusema neno juu ya damu iliyomwagika hapa, anajua anachokifanya au anapaswa kujua.

Na nyuma ya uchawi, mara nyingi mno, kuna shamba. Mjane hana mtoto wa kiume aliye karibu, ardhi ni nzuri, ndugu wa mume wanahesabu miaka. Tangazo la sheria za kimila la mwaka 1963 liliandika kwenye karatasi kwamba mwanamke anarithi kwa masharti na ardhi ya ukoo hawezi kuiuza. Lililovunja kanuni hiyo lilitokea hapahapa Mwanza. Mwaka 1990, katika kesi ya Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alikubali kwamba mama wa Kihaya aliyeuza ardhi aliyorithi kwa baba yake alikuwa na haki ileile aliyonayo mwanaume. Alisimama juu ya Katiba yetu, na pia juu ya mikataba ya kimataifa, ukiwemo ule wa kufuta ubaguzi dhidi ya wanawake ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaja baadaye kulithibitisha kwa maneno ya wazi.

Nalitaja hili kwa wale wanaoniambia, tena kwa upole, "Dada, huo ufeministi ni mambo ya Wazungu, usituletee." Meli iliyochukua pamba na ndege iliyochukua minofu ya samaki hazikuitwa za Wazungu, ziliitwa maendeleo. Mkataba uliotetea haki ya mama juu ya shamba lake ndio unaoitwa wa kigeni. Na tukitaka kusema kweli, aliyesimamia Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake kule Beijing mwaka 1995, akiwa Katibu Mkuu wake, alikuwa Gertrude Mongella, mtoto wa Ukerewe, kisiwa unachokifikia kwa kivuko kutoka Kirumba, hapa Mwanza. Alisomeshwa na masista. Azimio lililotoka Beijing lina maeneo 12 ya kushughulikiwa, na mojawapo ni wanawake na mazingira. Mama aliyekulia katikati ya ziwa hili hakuhitaji kufundishwa na mtu kwamba mambo hayo mawili ni mamoja.

Sasa tushuke ziwani, maana moshi uko huko pia.

Ziwa Victoria lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, wale samaki wadogo wenye mifupa ambao watoto wa sasa wengi hawajawaonja. Wazee wanasimulia kwamba furu aliuzwa kwa fungu, akikaushwa juani juu ya mawe, na biashara yake ilikuwa ya wanawake kuanzia mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, hadi jikoni. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 sangara akapandikizwa ziwani. Ni samaki anayeweza kufikia kilo 200, na anakula wenzake. Miaka ya 1980 akalipuka kwa wingi, na inakadiriwa aina 200 hivi za furu zimetoweka. Mbolea na taka kutoka mashambani na mijini zilichangia pia, maji yalipochafuka na kukosa hewa.

Kuna jambo moja kuhusu sangara ambalo watu wa takwimu huliruka na ambalo kila mchakataji wa mwaloni analijua. Sangara ana mafuta. Furu ulimwanika juani ukaenda shambani. Sangara lazima umbanike kwa moto au umkaange. Samaki mmoja alipobadilika, kuni zilizohitajika visiwani na pwani nzima ziliongezeka, na anayekaa mbele ya tanuri la kubanikia ni yuleyule. Ikolojia ya ziwa ilipogeuka, iligeukia machoni mwa mwanamke.

Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza, na sangara akawa mali ya Ulaya. Hapo ndipo wanawake wengi waliachwa nje kabisa. Wakala wa kiwanda anakuja na barafu na fedha taslimu, anamkopesha tajiri wa mitumbwi nyavu na mashine, na samaki wanaondoka moja kwa moja. Kilichobaki kwa mama mchuuzi kilikuwa mapanki, mifupa na vichwa baada ya minofu kuondolewa. Siyadharau mapanki, yamesomesha watu ninaowafahamu. Lakini ni halali kuuliza kwa nini aliyekuwa na samaki mzima akabaki na mfupa. Kati ya 1997 na 1999 Ulaya ilisimamisha mara kadhaa kununua samaki wa ziwa hili, mara bakteria, mara kipindupindu, mara hofu ya sumu ya kuvulia. Maamuzi yalifanywa Brussels, na mwaloni ulilala njaa wiki hiyohiyo. Siku hizi bei kubwa zaidi iko kwenye mabondo, vibofu vya hewa vya sangara, yanayokwenda China, na humo napo sioni wanawake wengi.

Kwa nini hawapo? Wengine watajibu mtaji. Mwiko nao upo: mwanamke asikanyage mtumbwi, hasa akiwa katika siku zake, samaki watakimbia. Upande wa Kenya kuna desturi inayoitwa jaboya, ambapo mama mchuuzi anatakiwa kulala na mvuvi ili auziwe samaki, na ikasambaza UKIMWI kwenye fukwe. Tusijidanganye kwamba ikifika mpakani inarudi. Kule Nduru, karibu na Kisumu, akina mama walikataa, wakapata mitumbwi yao wenyewe na kuajiri wavuvi. Kisha mwaka 2020 ziwa likapanda hadi kimo kilichoivunja rekodi ya 1964, na maji yakaimeza fukwe yao pamoja na nyumba. Mwanamke anaweza kuushinda mwiko, akaushinda ukware, halafu mvua zilizobadilika zikamwondoa.

Mama yangu mdogo anakausha dagaa Igombe. Hununua kwa ndoo alfajiri mitumbwi inaporudi kutoka kuvua kwa taa usiku wa giza, akawaanika juu ya mchanga na mawe, na mvua ikinyesha kabla ya saa sita ameshapata hasara, kwa sababu dagaa walionyeshewa huishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Waliokauka vizuri hupelekwa soko la Mwaloni Kirumba, na kutoka pale huenda Kongo, Rwanda, Burundi. Nilimuuliza, "Mama mdogo, mbona usinunue mtumbwi wako?"

"Mtumbwi nitanunua, mwanangu. Hata mashine nitakopa. Lakini nani atashuka nao usiku halafu aniambie kweli alichopata? Wananiuzia huko huko majini, asubuhi naletewa ndoo tatu naambiwa giza lilikuwa baya."

"Sasa unataka nini?"

"Chanja. Na pahali pa kuziweka pasipo na mtu wa kuniambia hama."

Hakuniambia habari za ukombozi. Alizungumzia chanja, vichanja vya miti na nyavu vinavyoinua dagaa kutoka mchangani, wakauke haraka bila uchafu, wapate bei. Lakini chanja hujengwa mahali, na mahali pana mwenye kauli. Fukwe ziko chini ya BMU, vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambako miongozo inataka wanawake wawemo kwenye kamati. Wamo. Wengi wao huandika muhtasari na kuandaa chai. Operesheni Sangara ya mwaka 2018 ilipopita na kuchoma nyavu haramu, ziwa lilihitaji kulindwa, na makokoro, zile nyavu za kukokota, kweli yanaua mazalia. Ila hakuna aliyewauliza waanikaji wataishije miezi ile. Ulinzi wa ziwa usiomhesabu mwanamke unabaki kuwa kazi ya polisi, na polisi wakiondoka kokoro linarudi. Hili ndilo ninaloliamini kuliko yote niliyoandika hapa.

Nilisema mimi ni mtu wa dini, na nisingebaki kanisani kama ningeona ni kufuli tu. Mwaka 1989 wanawake wanateolojia wa Afrika, wakiongozwa na Mghana Mercy Amba Oduyoye, walikutana Accra wakaanzisha umoja wao ili wasome Maandiko kwa macho yao wenyewe. Wangari Maathai, aliyeanzisha harakati za kupanda miti Kenya mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alisimulia jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni za mugumo, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Baadaye migumo ikakatwa kupisha mashamba ya kibiashara, na vijito alivyochota maji utotoni vikakauka. Yeye Mkatoliki aliyelelewa na masista hakuona aibu kusema imani ya bibi zake ilikuwa imeutunza Mlima Kenya. Waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2015 uliunganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini, na nilifurahi kuusikia ukisomwa jumuiyani kwetu. Jirani yangu Mwislamu alinionyesha aya ya 41 ya Surat Ar-Rum, isemayo uharibifu umedhihiri bara na baharini kwa yale yaliyotendwa na mikono ya watu. Na Mwanzo 2:15 inasema mtu aliwekwa bustanini "ailime na kuitunza." Kwenye mimbari zetu tumesikia sana juu ya kutawala samaki wa baharini, sura moja nyuma. Huo wa kutunza nausikia Jumapili chache.

Kanisa lina kitu kingine ambacho semina hazina: linawakusanya wanawake kila wiki bila posho. Vikoba vingi ninavyovifahamu, vikundi vya kuweka na kukopa, vilizaliwa kwenye jumuiya ndogo ndogo au baada ya darasa la akina mama msikitini. Vikongwe kadhaa wameokolewa kwa sababu wanawake wa jumuiya walikwenda kulala nyumbani kwao kwa zamu. Kazi hiyo haikuandikwa kwenye ripoti yoyote.

Kuna mambo yanayonipa moyo. Huko Shinyanga mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulirudisha ngitili, yale maeneo ya malisho ambayo mababu waliyafunga msimu wa mvua, na miti ikaota tena kwenye eneo kubwa mno, akina mama wakapata kuni karibu. Hata hivyo mwenye kauli juu ya ngitili ya kaya huwa ni baba. Mei 2024 Rais Samia alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, na mwezi huohuo akawa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa Paris kuhusu jambo hilo, uliokusanya ahadi za dola bilioni 2.2. Jiko la bibi likajadiliwa na wakuu wa nchi. Naomba fedha hizo zifike Magu, na mtungi wa gesi ukiisha mama awe na uwezo wa kuujaza bila kumsubiri mtu auze mbuzi. Mtungi wa msaada uliogeuzwa kiti nimeuona katika nyumba zaidi ya moja.

Mama mdogo na wenzake wa kikundi wameandika barua kwa BMU yao wakiomba kipande cha ufukwe, kiandikwe kwa jina la kikundi, kwa ajili ya chanja na tanuri lenye bomba la kutolea moshi. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba eneo ni la matajiri wa mitumbwi, wanaegesha hapo. Wakajibu kwamba mtumbwi unaweza kuegeshwa hatua chache pembeni, dagaa hawawezi kukaukia majini. Katekista amekubali kuwasindikiza, na mmoja wao, Mwislamu, atafungua kikao kwa dua. Kikao kimepangwa mbalamwezi ijayo, wavuvi wakiwa wamepumzika, ili pasiwepo wa kusema hakuwepo. Wanakwenda wote, na nakala ya mwongozo wa BMU wameshaitoa fotokopi, wamepiga mstari chini ya kifungu kinachosema juu ya wanawake kwenye kamati.